Mwavi wa Fuwele

Katika mwaka wa tatu wa utafiti wangu wa kemia kaboni nilitengeneza kitu ambacho hakikuwa kile nilichodai kuwa nimekitengeneza, na kwa muda wa siku kumi na moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika maabara yetu. Fuwele zilikuwa nyeupe, ndefu, nyembamba kama sindano, na zilipokuwa zikikauka kwenye karatasi ya kuchujia nilikuwa nikizipitia kila baada ya dakika chache kama mtu anayechungulia mtoto aliyelala. Vitabu vilisema kwamba kitu nilichokikusudia huyeyuka kwenye nyuzi 142. Changu kilianza kulegea kwenye 138 na kikaisha kuyeyuka kwenye 141. Nikajiambia kwamba hizo nyuzi chache zilizopungua ni uchafu kidogo uliobaki, kwa maana uchafu hushusha kiwango cha kuyeyuka. Jambo hilo ni la kweli, na ukweli wake ndio ulionidanganya.

Msimamizi wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaniuliza swali moja tu: "Umezichanganya?"

Sikuwa nimezichanganya. Kabatini mwake alikuwa na kichupa kidogo chenye kitu halisi, kilichotolewa kwenye mmea na watu waliotutangulia, nacho hakikuzidi miligramu themanini. Nilikuwa nimejipa sababu ya heshima ya kutokiomba, kwamba ni kitu adimu na haifai kukipoteza kwa jaribio dogo. Sababu ya pili sikuitamka hata moyoni.

Jaribio lenyewe ni la kizamani na halihitaji mashine yoyote ya maana. Unachukua chembe ya kitu chako na chembe ya kitu halisi, unazisaga pamoja kwa ncha ya kijiti cha kioo, unazipakia ndani ya kineli cha kioo chembamba kama unyasi, kisha unapandisha joto polepole huku jicho likiwa kwenye kikuzaji. Vitu hivyo viwili vikiwa kimoja, mchanganyiko utayeyuka palepale pa siku zote, kwa kuwa maji yakitiwa ndani ya maji hubaki maji. Vikiwa viwili, hata kama kila kimoja peke yake huyeyuka karibu na mahali pamoja na mwenzake, kila kimoja huwa uchafu ndani ya mwenzake, na mchanganyiko huvunjika mapema. Wangu ulianza kutoa jasho kwenye nyuzi 119. Niliona kidonge cheupe kikishuka ndani ya kineli, kikajikunja kwenye pembe, kikawa tone. Nilirudia mara mbili zaidi, na mara ya tatu sikuwa natafuta jibu, nilikuwa natafuta huruma.

"Pole," alisema msimamizi wangu. "Sasa nenda ukasome habari za Percy Julian."

Nilikwenda kwa uvivu, nikidhani nimepewa hadithi ya kunitia moyo. Wengi humfahamu Julian kwa namna hiyo: mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899, katika mji ambao mtoto mweusi hakuwa na shule ya umma ya kwenda baada ya darasa la nane. Alipopokelewa katika chuo cha DePauw, jimboni Indiana, ilimbidi asome masomo ya sekondari sambamba na ya chuo, huku akihudumia meza na kuchochea tanuri katika nyumba ya wanafunzi weupe ili apate mahali pa kulala, na mwaka 1920 akahitimu akiwa wa kwanza darasani. Harvard ilimpa shahada ya uzamili mwaka 1923, lakini nafasi ya kufundisha ikamkwepa kwa hofu kwamba wanafunzi weupe wasingekubali kufundishwa naye. Udaktari aliupata Vienna mwaka 1931, chini ya Ernst Späth, kwa kuchunguza alkaloidi za mimea, yaani kemikali zenye nitrojeni ambazo mara nyingi ni dawa au sumu. Hayo yote ni kweli na yana uzito wake. Lakini msimamizi wangu hakunituma kwa ajili ya hayo. Alinituma kwa ajili ya kile kilichotokea DePauw baada ya Julian kurudi huko mwaka 1932 pamoja na mkemia mwenzake wa Vienna, Josef Pikl.

Hapo inabidi nieleze habari ya maharagwe. Huko Calabar, katika kusini-mashariki ya nchi ambayo leo ni Nigeria, huota mmea utambaao ambao mbegu zake zilitumika kama mwavi. Mtuhumiwa alinyweshwa maji ya mbegu hizo. Akitapika na kupona, hana hatia, na akifa, kesi imekwisha. Wapo waliofasiri kwamba asiye na hatia huyanywa kwa mkupuo, kwa kujiamini, na tumbo likayarudisha, ilhali mwenye hatia huyanywa kwa kusitasita, sumu ikapata muda wa kuingia mwilini. Sijui kama ni hivyo, ila tangu nisome maelezo hayo siwezi kumwona mtafiti akisitasita mbele ya kipimo bila kuyakumbuka. Mwaka 1864 wakemia wa Ujerumani walitoa sumu yenyewe ndani ya mbegu hizo, nayo ikaitwa fisostigmini. Kwa kiasi kidogo hukizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe wa neva, mboni ya jicho hujikaza, na maji yaliyokwama ndani ya jicho hupata njia ya kutoka; kwa sababu hiyo tangu miaka ya 1870 ilitumika kutibu glakoma, ule ugonjwa ambao watu wengi huuita presha ya macho.

Ramani ya molekuli yake ilijulikana kuanzia mwaka 1925, lakini kuijua ramani ya nyumba si kuijenga. Aliyekuwa mbele katika kuijenga alikuwa Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa kabisa wa zama zile, ambaye mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Nobel. Kundi lake lilikuwa limetoa makala kadhaa, na katika mojawapo lilitangaza kwamba limefika kwenye eserethole, molekuli ambayo ni kituo cha karibu na mwisho, ambapo anayefika anaweza kuhesabu kwamba safari imebaki hatua chache. Julian na Pikl, wakitumia njia yao wenyewe katika chuo kidogo cha kufundishia, nao wakafika kwenye eserethole. Vitu hivyo viwili vilivyobeba jina moja havikufanana.

Nimejaribu mara nyingi kujiweka mahali pa Julian katika juma lile. Hana cheo cha kudumu. Ana umri wa miaka thelathini na kitu. Ni mtu mweusi katika Marekani ya mwaka 1934, na anayepingana naye ni bwana mkubwa wa fani. Mtu wa kawaida hapo husema, "Lazima kosa ni langu," na si unyonge kusema hivyo, kwa maana mara nyingi kosa huwa ni lake kweli. Julian alichapisha. Aliandika waziwazi katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, mwaka 1935, kwamba eserethole ya kweli ni yake na kwamba ile ya Oxford ni kitu kingine.

Nilipokuwa kijana niliusoma uamuzi huo kama ushujaa, na simulizi nyingi huupamba hivyo. Sasa nausoma kwa namna nyingine. Molekuli ya aina hii huja kwa sura mbili, kama kiganja cha kulia na cha kushoto, na mmea hutengeneza sura moja tu, ilhali mkemia akiijenga kwa mkono hupata zote mbili zikiwa zimechanganyika nusu kwa nusu. Kwa hiyo kitu cha maabara na kitu cha mmea havilinganishwi moja kwa moja hata kama ramani yao ni ileile. Ilimpasa Julian azitenganishe sura hizo, abaki na ile ya mmea, kisha aiweke kando ya eserethole iliyopatikana kutokana na maharagwe yenyewe. Alifanya hivyo, na vikawa kitu kimoja. Kutoka hapo alikwenda hadi fisostigmini kamili. Kwa hiyo anayemsifu kwa kutomwogopa Robinson anamsifu kwa kitu kidogo. Aliinywesha mwavi kazi yake mwenyewe, kwa mkupuo, nayo ikapona mbele ya watu.

Mimi nilikuwa na miligramu themanini za kitu halisi hatua kumi kutoka kwenye meza yangu, na kwa siku kumi na moja nilizipita.

Baada ya ushindi ule mtu angetegemea kwamba DePauw ingempa Julian uprofesa. Haikumpa, kwa sababu ya rangi yake. Taasisi moja ya utafiti wa karatasi huko Appleton, Wisconsin, ilitaka kumwajiri, lakini sheria ya mji haikumruhusu mtu mweusi kulala humo. Mwaka 1936 kampuni ya Glidden ikamkabidhi utafiti wa soya huko Chicago, na hivyo mmoja wa wakemia stadi wa alkaloidi akawa mtu wa mafuta na unga wa maharagwe. Kazi zake za miaka ya mwanzo zilikuwa za kiwandani kabisa: protini ya soya ya kupaka kwenye karatasi, na protini iliyotumika kutengeneza povu la kuzimia moto wa mafuta, ambalo katika Vita Vikuu vya Pili lilitumika kwenye meli za kivita. Hizo nazipita haraka, si kwa kuzidharau, bali kwa sababu kuna tangi moja ambalo siwezi kulipita.

Turudi nyuma kidogo. Alipokuwa akiyatoa mafuta ya maharagwe ya Calabar kule DePauw, Julian aliyasafisha kwa asidi hafifu ili alkaloidi ihamie kwenye maji, kisha akayaweka mafuta kando, kwa kuwa alichokitaka alikuwa amekwisha kukichukua. Siku kadhaa baadaye aliyakuta yametoa fuwele nyeupe. Hakuyamwaga. Alizichunguza fuwele hizo na kuzitambua kuwa ni stigmasteroli, steroli ya mimea ambayo hata jina lake limetokana na mmea huohuo. Kiunzi cha stigmasteroli ni pete nne za kaboni zilizoshikamana, nacho ndicho kiunzi cha homoni za uzazi. Wakati huo wakemia wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba inaweza kugeuzwa kuwa projesteroni, homoni ambayo madaktari waliitafuta kwa ajili ya wanawake waliokuwa katika hatari ya mimba kuharibika, na ambayo kuipata kwa wanyama kulihitaji ovari za maelfu ya nguruwe kwa miligramu chache. Soya nayo ina stigmasteroli. Tatizo lilikuwa kuitoa: imetawanyika ndani ya mafuta kama chumvi ndani ya mchuzi.

Kisha, mnamo mwaka 1940, maji yakavuja ndani ya tangi la galoni 100,000 la mafuta ya soya yaliyokwisha kusafishwa, na chini yake pakatanda utando mzito mweupe. Kwa wenye kiwanda hiyo ilikuwa hasara tupu. Julian aliitwa kuja kuitazama hasara, na alipoutazama ule uji mweupe alikuwa akiyatazama mafuta yake ya zamani ya DePauw, safari hii kwa ukubwa wa tangi. Maji yalikuwa yamezifukuza steroli kutoka kwenye mafuta. Akabuni njia ya kuzitoa kwa kiwango cha kiwanda, na projesteroni ikaacha kuwa kitu cha miligramu.

Watu husema alibahatika. Bahati ilikuwa ya kila aliyesimama kando ya tangi lile siku ile, lakini mmoja tu alikuwa amekwisha kukutana na utando ule, miaka kadhaa kabla, ndani ya chupa ambayo mwingine angeimwaga kwenye karai.

Nina haki ya kusema hivyo kwa sababu mimi nilimwaga. Mwaka mmoja baada ya aibu ya nyuzi 119, nilichuja fuwele zangu nikabaki na kile kiowevu cha kahawia kinachobaki chini ya karatasi ya kuchujia, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa jioni na meza ilikuwa inahitajika, nikakitia kwenye pipa la taka za viyeyusho. Jumatatu nilipopima fuwele nikakuta kwamba nilichokihifadhi kwa uangalifu kilikuwa malighafi yangu niliyoanza nayo, ambayo haikubadilika, na zao langu lote lilikuwa limekwenda na kile kiowevu. Miezi minne ya kazi iliingia ndani ya pipa lile, ikachanganyika na asetoni ya watu wengine. Tangu siku ile simwagi kitu mpaka nimehesabu gramu zilizoingia na gramu zilizotoka, na wanafunzi wangu wamezoea kuona rafu yangu imejaa chupa zenye vimiminika visivyopendeza, kila moja na tarehe yake. Baadhi hukaa miezi. Mara mbili katika maisha yangu nta iliyokataa katakata kugeuka fuwele, hata baada ya kukwanguliwa kwa kioo na kuwekwa kwenye barafu, iligeuka yenyewe pale rafuni wakati wa likizo, bila mtu kuigusa.

Kuna jambo moja katika simulizi za Julian ambalo hunikera, na kwa kuwa yeye mwenyewe asingelivumilia, nalisema. Huandikwa kwamba ndiye aliyegundua kotisoni. Hakuigundua. Mwaka 1949, baada ya madaktari wa Mayo Clinic kuonyesha jinsi kotisoni ilivyowainua wagonjwa wa baridi yabisi, bei yake ilikuwa kubwa mno kwa kuwa ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya thelathini. Julian alitengeneza ndugu yake wa karibu, kitu kilichojulikana kama Dutu S ya Reichstein, kinachofanana na kotisoni karibu kila mahali isipokuwa kwenye kaboni namba 11, ambapo kinakosa oksijeni. Peke yake hakikutibu baridi yabisi. Lakini mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya dawa ya Upjohn walitangaza kwamba kuvu wa kawaida waweza kuipachika oksijeni pale penye namba 11 ndani ya steroidi za aina hiyo, yaani molekuli zenye kile kiunzi cha pete nne, na Dutu S ikawa malighafi nzuri ya kutengenezea haidrokotisoni, dawa ya jamii moja na kotisoni. Huo ni mchango mkubwa. Kumwongezea sifa isiyo yake ni sawa na kuandika jina la eserethole juu ya chupa isiyo ya eserethole.

Mambo ya nyumba yake huwa nayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa sipendi kuyatumia kama viungo vya kukoleza hadithi. Mwaka 1950 alinunua nyumba Oak Park, kitongoji cha Chicago. Siku ya Shukrani ya mwaka huohuo, kabla familia haijahamia, watu walijaribu kuichoma moto. Juni mwaka 1951 ilirushwa baruti, na watoto wake wawili walikuwa ndani. Familia haikuhama. Kuna picha inayonijia kila ninaposoma kwamba baba huyo alikesha nje akilinda kwake: mtu aliyekuwa anawaza kaboni namba 11 mchana, na usiku anasikiliza nyayo. Sina funzo la kutoa hapo. Kazi ya maabara hudai akili iliyotulia, na kuna watu walionyimwa utulivu huo kwa makusudi. Aliyoyafanya hayaufanyi unyimaji huo kuwa mdogo.

Aliiacha Glidden mwaka 1953, akaanzisha kampuni yake mwenyewe, akawaajiri wakemia weusi na wanawake ambao milango mingine ilikuwa imefungwa mbele yao, na mwaka 1961 akaiuza kwa zaidi ya dola milioni 2. Mwaka 1973 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, mkemia mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Alifariki mwaka 1975.

Leo wanafunzi wangu wana mashine inayosoma viini vya atomu kwa nguvu ya sumaku, na ndani ya dakika tano huniletea karatasi yenye vilele vingi kuliko nilivyoviona mimi kwa mwaka mzima. Siwalaumu wanapokiona kineli changu cha kioo kuwa kitu cha makumbusho. Ninachowauliza ni vilele hivyo wamevilinganisha na vya nani, na hapo baadhi yao husitasita.

Kuhusu fuwele zangu za siku kumi na moja, ilituchukua miezi sita kujua zilikuwa nini. Zilikuwa na atomu zilezile za kile nilichokikusudia, kwa idadi ileile, ila tawi moja lilikuwa limekaa kwenye kaboni ya jirani. Chupa yake ninayo hadi sasa. Kwenye lebo kuna jina la kwanza, nililoliandika kwa wino mzito siku ile ya furaha, nikalikata baadaye kwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka. Chini yake nimeandika jina lake la pili kwa penseli, kwa sababu mpaka leo sijapata kwa mtu yeyote chembe halisi ya kuichanganya nayo.